Kuosha Gari, Kulipaka Nta na Kudumisha Mng'ao wa Rangi Yake Jijini Nairobi: Mwongozo Kamili

Rangi ya gari huchakazwa zaidi na namna uchafu unavyoondolewa kuliko uchafu wenyewe. Chembe ya mchanga iliyotua juu ya boneti haina madhara makubwa mpaka mtu atakapokuja na kitambaa kikavu na kuiburura kutoka upande mmoja hadi mwingine, huku akiamini kwamba anasafisha. Jambo hilo hutendeka kila asubuhi katika maegesho ya Nairobi, kuanzia Umoja hadi Kilimani, na ndiyo sababu gari lililoletwa nchini likiwa linang'aa huonekana limechoka baada ya miaka michache, hata kama lilikuwa likioshwa kila siku. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuosha gari bila kulikwaruza, jinsi ya kulipaka nta, na jinsi ya kuitunza kazi hiyo katika jiji lenye vumbi jekundu, matope meusi, jua kali na maji ya mgao.

Kwanza, fahamu kinachong'aa

Juu ya bati la gari kuna matabaka kadhaa: rangi ya kwanza inayozuia kutu, ambayo mafundi huiita praima, kisha rangi yenyewe unayoiona, na juu yake tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi wetu huliita klia. Mng'ao unatoka kwenye klia. Matabaka yote kwa pamoja huwa na unene wa takribani maikroni 100 hadi 150, ambao hauzidi sana unene wa karatasi moja ya kuchapia, na klia peke yake mara nyingi ni maikroni 35 hadi 50 tu. Mikwaruzo midogo inayoletwa na uoshaji mbaya hukaa ndani ya klia na kutawanya mwanga, na hivyo gari jeusi huanza kuonekana la kijivu na jekundu huonekana limepauka, ingawa rangi iliyo chini bado ni nzima.

Mmiliki wa gari jijini Nairobi ana sababu ya ziada ya kuichunga klia yake. Kenya hairuhusu kuingizwa nchini gari lililokwishatumika ambalo lina umri wa zaidi ya miaka minane, na kwa kuwa wanunuzi wengi huchagua gari lililo karibu na ukomo huo ili kupunguza gharama, magari mengi yanayotoka Japani huteremshwa Mombasa yakiwa tayari yametumika miaka sita au saba. Baadhi yake huwa yamepigwa polishi kwa mashine kabla ya kuuzwa ili yavutie macho, na kila polishi ya namna hiyo hupunguza klia. Isitoshe, Nairobi iko karibu na Ikweta na katika mwinuko wa takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo miale ya urujuanimno huwa mikali hata siku ambayo umevaa sweta. Klia ikishaungua na kuanza kubanduka juu ya paa na boneti kwa mabaka meupe, hakuna nta wala polishi itakayoirudisha. Dawa pekee ni kupaka rangi upya.

Kabla ya kununua chochote, lichunguze gari lako. Lioshe, likaushe, kisha liegeshe mahali penye kivuli na uwashe tochi ya simu ukiielekeza kwenye boneti kwa umbali wa hatua moja. Ukiona mistari myembamba iliyojipanga kwa duara kuuzunguka mwanga, hiyo ndiyo mikwaruzo ya kuoshwa. Pitisha ukucha polepole juu ya mkwaruzo wowote mkubwa: ukucha ukinasa, mkwaruzo huo umezama mno kwa polishi na utahitaji fundi wa rangi. Halafu vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na upapase rangi kwa wepesi. Mifuko ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, lakini mfuko wa mkate unatosha kabisa kwa kazi hii. Kupitia plastiki hiyo vidole husikia chembechembe ambazo mkono mtupu hauzitambui: lami, vumbi la chuma linalotoka kwenye breki, na utomvu wa miti. Yale utakayoyaona na kuyasikia ndiyo yatakayokuambia ni hatua zipi za mwongozo huu unazozihitaji.

Vifaa

Utahitaji ndoo mbili za kuoshea mwili wa gari na ya tatu, hata iwe kuukuu, kwa ajili ya magurudumu. Utahitaji glavu laini ya kuoshea, vitambaa sita au zaidi vya maikrofaiba, yaani vitambaa laini vya nyuzi nyembamba sana, taulo moja kubwa ya maikrofaiba ya kukaushia, brashi ya rimu, na shampuu ya magari isiyo na asidi wala magadi makali. Vitu hivi hupatikana katika supamaketi kubwa na katika maduka ya vipuri ya Barabara ya Kirinyaga, eneo ambalo wengi bado huliita Grogan. Taulo za pamba za mitumba kutoka Gikomba zinafaa kwa rimu na kwa sehemu za ndani za milango, lakini zisiguse boneti, kwa sababu pindo zake ngumu na nyuzi zilizokakamaa hukwaruza.

Sabuni ya unga ya kufulia ndiyo inayotumika katika vituo vingi vya kuoshea magari, na ningependa iachwe. Huondoa nta yote uliyoipaka, hukausha mipira ya milango na madirisha, na punje zake ambazo hazijayeyuka huingia kati ya kitambaa na rangi. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo nayo huondoa nta, kwa hiyo itumie mara moja tu, siku unayokusudia kupaka nta mpya. Sponji ya kawaida pia haifai, kwa kuwa uso wake bapa huusukuma mchanga mbele yake bila kuumeza. Glavu yenye manyoya huupokea mchanga ndani ya nyuzi zake ukaachana na rangi.

Suala la maji linastahili kufikiriwa mapema. Maji ya mferejini yanayotoka Bwawa la Ndakaini na vyanzo vingine vya Milima ya Aberdare huwa na madini machache kuliko maji ya visima virefu vilivyochimbwa katika mitaa mingi ya jiji. Tone la maji ya kisima likikaukia juani juu ya rangi huacha duara jeupe, na duara hilo likiachwa wiki kadhaa huanza kuila klia. Kama nyumbani kwako mnatumia kisima, tenga mtungi mmoja wa lita 20 wa maji ya mferejini au ya mvua kwa suuza ya mwisho. Wakati wa masika, maji yanayokingwa kutoka paa lililokwisha kusafishwa na mvua ya kwanza ni mazuri mno kwa kazi hii.

Kuosha, hatua kwa hatua

Chagua saa moja asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na uegeshe penye kivuli. Weka kiganja juu ya boneti. Kama huwezi kukiacha hapo bila kusumbuliwa na joto, subiri, kwa maana sabuni itakaukia juu ya bati kabla hujaisuuza.

Anza na magurudumu. Hapo ndipo penye uchafu mbaya kuliko wote, na ukiyaacha mwisho, maji yake machafu yatarukia milango uliyokwisha kuisafisha. Tumia ndoo yake, brashi yake na kitambaa chake, wala usivichanganye na vingine. Ndani ya matao ya magurudumu mwagia maji mengi, hasa ikiwa unaishi Syokimau, Embakasi au sehemu nyingine zenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kwa sababu tope lile hunata, hushika unyevu kwa muda mrefu na kualika kutu.

Baada ya hapo lisuuze gari zima kutoka paa kwenda chini, bila kuligusa kwa chochote. Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi huipita haraka, nayo ndiyo inayookoa rangi kuliko nyingine zote. Kusudi lake ni kuondoa mchanga wote unaoweza kuondoka kwa maji pekee, ili glavu itakapofika isikute cha kuburura. Mashine ya presha hurahisisha kazi, mradi uishike umbali wa angalau sentimita 30 na usiielekeze moja kwa moja kwenye mahali palipobanduka rangi wala kwenye mipira ya madirisha. Asiye na mashine wala mpira wa maji anaweza kutumia pampu mpya ya mgongoni, ya aina ile ya kunyunyizia dawa shambani, ya lita 16 au 20. Inatoa maji kidogo kwa msukumo wa kutosha, na mitungi miwili ikitumiwa kwa uangalifu hulimaliza gari dogo zima. Pampu iliyowahi kubeba dawa ya mimea isitumike kamwe. Kama gari limerudi kutoka mashambani likiwa limegandamana matope, lirowanishe, ulipake povu la shampuu, uliache kwa dakika nne au tano bila kuliacha likauke, kisha ulisuuze tena. Ukitazama chini utaona maji mekundu yakitiririka. Endelea mpaka yawe meupe.

Sasa jaza ndoo ya kwanza maji na shampuu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na ndoo ya pili maji matupu. Chovya glavu kwenye ya shampuu, osha sehemu moja tu, kwa mfano nusu ya paa, halafu iogeshe glavu kwenye ndoo ya maji matupu ukiisugua kwa mkono mpaka iache mchanga wake humo, uikamue, na ndipo urudi kwenye shampuu. Ukifika mwisho wa kazi, mwaga polepole ile ndoo ya maji matupu na utazame kilichotuama chini yake: mchanga huo wote ungekuwa juu ya milango yako. Fuata mpangilio wa paa, vioo, boneti, buti, sehemu za juu za milango, kisha bampa na sehemu za chini za milango mwishoni kabisa. Ipeleke glavu kwa mistari iliyonyooka, bila kuikandamiza. Suuza kila upande mara tu unapoumaliza.

Kukausha nako kuna utaratibu wake. Ondoa kichwa cha kunyunyizia kwenye mpira wa maji na uyaache maji yatiririke polepole kutoka juu. Yataungana na kushuka pamoja, yakiacha matone machache. Kisha litandaze taulo kubwa juu ya boneti, livute kuelekea kwako polepole, na uendelee hivyo bila kusugua. Fungua milango na buti ukaushe kingo zake, maana maji yanayojificha hapo hutoka ukishaanza kuendesha na kuchora michirizi. Kitambaa chochote kilichoanguka chini, hata kwa sekunde moja, kihamishie kwenye kazi ya magurudumu.

Kuondoa yaliyoganda

Ikiwa mfuko wa mkate ulikuonyesha chembechembe, kuosha peke yake hakutoshi. Madoa ya lami hulainika kwa dawa maalumu ya kuondolea lami. Asiye nayo anaweza kugusisha mafuta ya taa kidogo kwa kitambaa laini juu ya doa lenyewe, angoje nusu dakika, alifute kwa wepesi, na kuosha mahali hapo kwa shampuu papo hapo. Kwa chembe zilizobaki hutumika udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaouzwa kwa vipande vidogo. Nyunyizia rangi maji yenye shampuu kwa wingi, telezesha kipande hicho mbele na nyuma kwa nguvu ndogo kabisa, na ukisikia kinapita bila kukwama, hamia sehemu nyingine. Ukikunje mara kwa mara ili upate uso safi, na kikianguka chini kitupe. Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha.

Polishi na nta ni vitu viwili

Wauzaji huviweka pamoja rafuni, na vituo vingi huahidi "polishi" wakimaanisha nta, au kinyume chake. Polishi ina chembe za kusugua; inafuta mikwaruzo kwa kupunguza klia inayoizunguka. Nta haipunguzi kitu. Inaongeza utando mwembamba unaoteleza, unaofukuza maji na kupokea mashambulizi ya kwanza ya jua na vinyesi vya ndege. Kampaundi ni polishi kali zaidi, ya kazi za fundi.

Kwa hiyo piga polishi pale tu tochi ilipokuonyesha mikwaruzo inayokukera, na si kila mwezi. Anza na polishi laini kuliko zote, kwa mkono, katika eneo la sentimita 50 kwa 50, kisha futa na utazame kwa tochi kabla ya kuendelea. Kitambaa chako kikipata rangi ya gari, ujue gari hilo halina klia, au klia yake imekwisha, na unapaswa kusita. Mashine ya polishi inayozunguka upande mmoja tu, kwa kasi, huunguza rangi haraka katika mikono isiyozoea, hasa kwenye kingo za boneti na milango ambako rangi ni nyembamba zaidi. Ile inayozunguka huku ikitikisika ni salama kwa anayejifunza. Fundi akikueleza kwamba gari lako linahitaji kampaundi kila baada ya miezi mitatu, tafuta fundi mwingine.

Nta ya asili iliyo bora hutoka kwenye majani ya carnauba, mti wa jamii ya minazi unaomea kaskazini-mashariki mwa Brazili. Huyapa magari yenye rangi nzito mng'ao wa ndani unaopendeza sana, lakini kwa jua letu usitarajie idumu zaidi ya wiki sita hadi nane. Nta za kutengenezwa viwandani hudumu miezi minne hadi sita na ndizo ninazozipendekeza kwa gari linaloegeshwa nje mchana kutwa. Utando wa seramiki hukaa miaka kadhaa, ila bei yake ni kubwa, na rangi lazima inyooshwe vizuri kwanza kwa sababu kila mkwaruzo utafungiwa chini yake. Gari lililopakwa rangi upya karibuni lisipakwe nta mpaka rangi imalize kutoa mvuke wake, jambo linaloweza kuchukua siku 30 hadi 90, muulize aliyeipaka.

Siku ya kupaka nta, gari liwe safi, kavu, la baridi na kivulini. Chukua nta kidogo kwa sponji yake, kiasi cha sarafu ya shilingi kumi kwa mlango mmoja, na uitandaze mpaka iwe ukungu ambao karibu hauonekani. Nta nene haiongezi ulinzi. Inaongeza tu taabu ya kuifuta. Epuka plastiki nyeusi zisizopakwa rangi, kwa kuwa nta hukaukia humo na kuacha weupe sugu. Baada ya dakika tano hadi kumi pitisha kidole kwenye sehemu moja: kikiacha njia safi inayong'aa, nta iko tayari, kikipaka na kuburuta mafuta, subiri. Mwezi wa Julai, kwa baridi na mawingu yake, subira hiyo huwa ndefu. Futa kwa kitambaa safi cha maikrofaiba ukikigeuza mara kwa mara, kisha pitisha cha pili, kikavu kabisa. Kama chupa ya bidhaa yako inatoa maagizo tofauti ya muda, yafuate hayo.

Utajua nta ingalipo kwa kutazama maji. Mvua ikinyesha na matone yakasimama madogo, ya mviringo, yenye nafasi kati yake, ulinzi upo. Maji yakianza kutandaa kama shuka juu ya boneti, umefika wakati wa kupaka tena.

Kati ya uoshaji mmoja na mwingine

Kinyesi cha ndege kina asidi, na joto la bati huharakisha kazi yake, kwa hiyo kisingoje Jumamosi. Korongo wakubwa aina ya marabou walio kwenye migunga ya Barabara ya Mombasa na karibu na Uwanja wa Nyayo wanaweza kulifunika gari kwa saa chache. Lowesha kitambaa kwa maji mengi, kiweke juu ya kinyesi kwa dakika tano mpaka kinyesi kilainike kabisa, kisha nyanyua kitambaa kwa kukikunja kuelekea juu, usisugue. Maua ya mijakaranda yanayoanguka kuanzia Septemba nayo hunata yakilowa, na yanafaa kuondolewa siku hiyo hiyo. Mwenye nafasi ya kuchagua kati ya jua la mchana mmoja na kivuli cha mti uliojaa ndege, heri achague jua.

Kipangusio cha manyoya kinachouzwa kwenye foleni za magari kiache, na umwombe mlinzi wa jengo, kwa heshima, asikupanguse vumbi kwa kitambaa kikavu, ingawa anafanya hivyo kwa wema. Turubai la kufunikia gari linafaa tu kwa gari safi. Likivikwa gari lenye vumbi, upepo hulitikisa usiku kucha nalo husugua. Kuosha mara moja kwa wiki kunatosha wakati wa kiangazi, na mara nyingi zaidi wakati wa mvua, kwani tope la barabarani hubeba mafuta.

Asiye na muda wala maji ya kuosha nyumbani bado anaweza kuyapata mengi ya haya katika kituo cha kuoshea magari. Nenda mapema asubuhi, kabla vitambaa havijapita kwenye magari ya matope, ukiwa na glavu yako, shampuu yako na taulo lako, na umwambie anayekuhudumia: "Kaka, naomba usuuze kwanza vizuri kwa presha, halafu utumie hivi vyangu, na matairi uyaoshe kwa kitambaa kingine." Wengi hukubali bila shida, hasa ukiongeza kidogo juu ya bei ya kawaida, kwa kuwa unawachukulia muda. Wakatalie dawa ya mafuta ya kung'arishia matairi kama hutaki ichafue milango yako, maana gari likishika kasi dawa hiyo hurushwa juu ya rangi na kukusanya vumbi, na simama karibu wakati wa kukausha, kwa sababu hapo ndipo kitambaa cha gari lililotangulia hujitokeza.